Kompresa ya Farasi Sita

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama barabarani, begi la patasi begani, nimefukuzwa karakana ya binamu yangu Agenor kwa sababu ya mdomo wangu. Wengi mlinicheka. Haki yenu. Lakini ya leo hayachekeshi mpaka mwisho, kwa hiyo mwenye kicheko akitumie mapema.

Kwa aliyepitwa: mimi ni Evenor Putoy, seremala wa viti vya kubembea hapa Masatepe. Nilimwambia Agenor, mbele ya mafundi wake wote, kwamba anapaka vanishi kama mtu anayepiga lipu choo. Akanionyesha mlango. Nami badala ya kuondoka kimya nikaropoka kwamba kabla mvua hazijakatika nitakuwa na karakana yangu nyuma ya nyumba, na kompresa kubwa kuliko yake.

Kompresa! Nilikuwa sina hata mlango wa kuifungia.

Mungu naye hupenda mzaha. Juma lile lile akaniletea kazi. Doña Mirtha Espinales, mama mmoja mwenye pesa na shingo ndefu, alikuwa anafungua nyumba ya wageni Granada. Alitaka viti kumi na sita vya kubembea, vya mwerezi.

"Vanishi iwe ya kupuliza, don Evenor," alisema. "Nikipitisha kiganja nisisikie alama ya brashi. Nikisikia hata moja, vyote vinabaki kwako uvibembee mwenyewe."

"Doña, utadhani unapapasa kioo."

Akaniachia majuma matano.

Nikaenda kula chakula cha mchana nikiwa nimevimba kama chura.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mke wangu Azucena, na mama yake, doña Tomasa. Huyu mama mkwe wangu aliziba pancha miaka ishirini na miwili kwenye njia panda ya Jinotepe, tangu mumewe alipokwenda Costa Rica kutafuta kazi akapata mke. Aliwalea watoto wanne kwa matairi. Vidole vyake ni vinene kuliko vyangu, na ulimi wake ni mkali kuliko patasi zangu zote.

"Kompresa ni upepo, si tangi," alisema huku akijipakulia wali na maharage. "Wajinga hununua tangi. Wewe muulize muuzaji inatoa upepo lita ngapi kwa dakika. Akianza kukuzungushia maneno, toka dukani."

"Mama, mimi sizibi pancha. Mimi napaka fanicha."

"Ndiyo maana nakwambia. Tairi ukishalijaza limejaa, limekwisha. Bomba la vanishi halishibi, linakunywa tu. Halafu kuna valvu ya usalama, ile yenye kijipete. Kivute. Kisipopiga kelele, hata ukipewa bure usichukue."

"Nashukuru, mama. Siku nikipata pancha nitakuita."

Azucena alinikanyaga chini ya meza. Doña Tomasa wala hakukasirika. Alitafuna taratibu, akameza.

"Don Reynerio wa San Marcos anauza ya kwake," akasema. "Kifua kimemkataza kupaka rangi mabasi. Ina mkanda, ina kichwa cha chuma. Sura yake mbaya kama ya mwenyewe, lakini inafanya kazi. Na bei yake haizidi hizo zenu za dukani."

"Nionekane na takataka ya fundi rangi wa mabasi?"

"Nani akuone? Utakuwa uani na kuku."

Nikasukuma sahani, nikaondoka mezani. Haya ni maungamo, kwa hiyo nitasema ukweli: nilijua anajua. Kila neno lake lilikuwa limesimama wima. Lakini mimi nilitaka kitu cha kung'aa. Nilitaka kipite mbele ya mlango wa Agenor juu ya gari, kimefungwa kamba, ili macho yamtoke.

Kesho yake nikaenda Managua na Holman.

Holman Tercero ni swahiba wangu tangu shule. Ni mtu anayejua kila kitu isipokuwa kazi. Ana gari dogo la mizigo ambalo halijawahi kubeba mzigo wake mwenyewe, na kwenye kila soko ana mtu anayemfahamu.

"Nina jamaa yangu sokoni, swahiba," aliniambia njiani. "Mwambie nimekuja na wewe. Atakukata bei mpaka uone huruma."

Jamaa mwenyewe alikuwa bwana wa mkufu wa dhahabu, ananukia manukato ya kinyozi. Duka lake lilikuwa limepangwa kompresa kama majeneza ya rangi. Katikati, juu ya meza, palikuwa na moja nyekundu. Tangi lake kama ng'ombe mwenye mimba. Ubavuni ina maandishi ya dhahabu: nguvu za farasi sita.

Nikaisogelea. Nikamsahau doña Mirtha, nikawasahau hata hao farasi. Nilikuwa namwona Agenor tu.

"Inatoa lita ngapi kwa dakika?" nikauliza, maana sauti ya mama mkwe ilikuwa bado inawasha sikioni.

Yule bwana alinitazama kama niliyemuuliza umri wa mama yake.

"Mzee wangu, hii ni chuma ya Kiitalia. Waitalia hawahesabu lita."

"Lita!" Holman akaangua kicheko. "Swahiba, umekuja kununua kompresa au maziwa?"

Duka zima likacheka. Mama mmoja aliyekuwa anatafuta msumeno alicheka mpaka akashika mlingoti wa kibanda. Nikaona aibu. Macho yangu yaliiona ile valvu yenye kijipete, imepakwa rangi nyekundu kama sehemu nyingine zote. Ilikuwa karibu na mkono wangu kama kalamu ilivyo karibu na mwandishi.

Sikuivuta. Niliona haya kuinama.

"Washa tuisikie," nikasema kwa sauti nene.

Akaiwasha, akachukua mpira wa upepo, akanipulizia kofia. Kofia yangu ikaruka ikatua duka la pili. Watu wakapiga makofi. Nikalipa. Ilikuwa rahisi kuliko zote za ukubwa wake, na hilo peke yake lingemshtua hata mbuzi.

Tuliporudi nilimwomba Holman apite mtaa wa Agenor, mara mbili. Agenor hakuwepo. Alikuwa amekwenda kung'oa jino.

Sasa njooni uani kwangu mwone.

Nilikuwa nimeshamaliza kiti cha kwanza, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Nikakining'iniza kwenye tawi, nikajaza vanishi, nikaiwasha farasi sita.

Ikalia kama nguruwe aliyefungwa ndani ya debe. Taa ya jikoni ikafifia. Redio ya jirani wa kulia ikazima, friji ya jirani wa kushoto ikazima, na mchungaji wa kale kakanisa ka nyuma akakatika katikati ya zaburi, kipaza sauti chake kimekufa.

"Putoy!" jirani akapiga kelele. "Unachinja nini huko?"

"Maendeleo!" nikamjibu.

Mkono wa kwanza wa kiti ulitoka kama kioo. Naapa. Nilitaka kulia. Wa pili, nikafika nusu, upepo ukaanza kupungua. Vanishi ikawa haipulizwi tena, inapigwa chafya. Matone mazito yakatua juu ya mbao kama kinyesi cha njiwa.

Nikangoja tangi lijae. Nikaendelea. Likaisha tena. Nikangoja. Hivyo hivyo, mkono, mguu, mkono, mpaka jasho likanitoka kwenye kope. Halafu bomba likaanza kutema maji. Maji hasa! Yakachanganyika na vanishi, na kila yalipogusa pakaota baka jeupe.

Kiti changu cha mwerezi kikafanana na mtu aliyemwagikiwa uji wa moto.

Nilipogeuka, doña Tomasa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha pinoli ya mahindi, anakunywa kwa utulivu wote.

"Kizuri," akasema. "Kitawafaa wageni vipofu."

"Ni mpya, mama. Inahitaji kuzoea."

"Kuzoea nini? Kwani ni mkwe?"

Akaweka kikombe chini, akaikaribia. Akashika kijipete cha ile valvu, akavuta. Hakikusogea. Akavuta kwa vile vidole vyake vinene. Wapi! Akakwangua rangi kwa ukucha, na chini ya rangi pakatokea risasi ya kulehemu. Mtu alikuwa ameiziba.

Doña Tomasa akaacha kutabasamu.

Akalala ubavu juu ya vumbi, mwanamke wa miaka sitini na nane, akafungua koki ya chini ya tangi. Yakatoka maji ya rangi ya kahawa, na ndani yake magamba ya kutu, mengine mapana kama kucha. Kisha akachukua mpini wa kisu, akaligonga tangi kutoka juu kushuka. Ngi, ngi, ngi. Alipofika tumboni, penye mshono wa kuchomelea: du.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hapa chuma kimekuwa karatasi. Kinachoshikilia ni rangi. Hili tangi ni la zamani kuliko ndoa yako, wamelipaka wanja tu wakakuuzia." Akainuka akijikung'uta. "Njia panda ya Jinotepe nilimwona mtu aliyepasukiwa na tangi. Walimwokota maskini kwa beleshi. Litoboe. Usimpe mtu, usimuuzie mtu, hata kwa chuma chakavu, kabla hujalitoboa."

"Nitalitoboa, mama."

"Leo."

"Leo."

Kwanza nikaenda kwa Holman nimtoboe yeye. Hakutoka. Mkewe ndiye aliyefungua mlango, mwanamke mwema asiye na hila, akanikaribisha kahawa.

"Kaka yangu alifurahi sana mlivyomtembelea dukani," akaniambia. "Alimtumia Holman viatu vipya kwa asante."

Nikaviona viatu chini ya kitanda. Na ndani ya viatu, miguu.

"Swahiba," nikaviambia vile viatu, "Mungu anakuona."

Vikajivuta ndani zaidi. Nikarudi nyumbani.

Nikachukua drili. Nikaipigia magoti ile nyekundu, nikaweka ncha tumboni mwa tangi, pale penye mlio wa du. Kidole kilikuwa kimeshagusa kitufe.

"Usitoboe! Mjomba, usitoboe! Unaiuza?"

Juu ya ukuta wa mawe palikuwa na kichwa cha mtu mnene, mpole, kofia mkononi. Akajitambulisha kuwa Cipriano Nicoya. Alikuwa amerudi kutoka kuvuna kahawa Costa Rica, na alitaka kufungua kibanda cha pancha kwenye barabara kuu, aachane na kuishi kwenye mabanda ya watu. Hakujua kitu chochote cha kompresa. Ilionekana usoni mwake kama jina lililoandikwa mlangoni pa duka.

Wasomaji wangu, hapa ndipo mnapopaswa kuacha kucheka.

Doña Tomasa alikuwa kwenye misa. Azucena alikuwa kinuni kusaga mahindi. Mimi nilikuwa na kiti kimoja kilichoharibika, kumi na tano havijaguswa, na majuma matatu. Nikaiweka drili nyuma ya mgongo.

"Naitoboa?" nikasema. "Nilikuwa naifuta vumbi."

Akaruka ukuta, akaizunguka. Akayapapasa yale maandishi ya dhahabu kama mimi nilivyoyapapasa.

"Ni nzuri?"

"Ni chuma ya Kiitalia."

Nilijisikia nikisema. Sauti ilikuwa yangu, maneno ya bwana wa mkufu.

"Na tairi za malori inajaza?"

"Malori? Ndugu yangu, hii inajaza hata za ndege."

Tukaiwasha. Sindano ya geji ya upepo ikapanda mpaka tisini, mota ikazima.

"Mbona inazima mapema?" akauliza. "Lori linataka zaidi."

"Wanaifungia dukani kwa tahadhari tu. Unaona hiki kiskrubu juu ya swichi? Ukikikaza inaendelea kupanda."

Nilimwonyesha kwa kidole changu. Kidole hiki hiki ninachoandikia.

Cipriano akanilipa, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniombea baraka. Alikikokota kile kitu akiimba.

Doña Tomasa alipotoka kanisani akaangalia pale uani patupu.

"Umelitoboa?"

"Nimelitoboa, mama. Likaenda na mnunuzi wa vyuma."

Alinitazama usoni. Kisha akanigonga bega.

"Leo umefanya la mtu mzima," akasema.

Afadhali angenitemea mate.

Yaliyofuata yalininyookea, na ndiyo yanayonichukiza zaidi. Tulikwenda San Marcos, mimi na yeye, kwa don Reynerio. Kompresa yake ilikuwa imepakwa rangi ya kila basi lililopita Carazo, tangi limejaa makovu. Doña Tomasa akavuta kijipete: ikapiga kelele mpaka kuku wakaruka. Akafungua koki: maji safi, kijiko kimoja. Akavua saa yake, akapima tangi linajaa kwa dakika ngapi, halafu akafungua bomba akaweka kiganja mbele yake akangoja, akangoja, na upepo haukupungua.

"Hii ndiyo," akasema.

"Imechakaa kama mimi," don Reynerio akakohoa.

"Wewe umechakaa. Hii imezeeka. Si sawa."

Akanifungia kichujio cha kukamata maji kwenye mpira wa upepo, akanionyesha nishike bomba umbali gani na mbao, akaketi kwenye ndoo kunitazama. Viti kumi na tano vikatoka kimoja baada ya kingine. Kile cha mabaka nikakikwangua upya mpaka mbao, nacho kikatoka. Doña Mirtha alikuja na shingo yake, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya kila mkono na kila mguu wa kiti. Alipofumbua macho akaagiza vingine ishirini.

Hata Agenor alituma mtu kuuliza kompresa yangu ni ya duka gani. Nikamjibu ni ya duka la mama mkwe.

Niliamini nimepona. Hivyo ndivyo alivyo mpumbavu: akivuka mto salama anadhani mto umekauka.

Ijumaa ya juzi, saa sita mchana, nimeketi kula. Sahani zilikuwa mbili.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza Azucena.

"Hukusikia? Kuna fundi pancha mpya barabara kuu, karibu na njia ya Niquinohomo. Bwana mmoja mpole, hajui hata kutoa tairi kwenye ringi. Alimkuta mama sokoni, wakazungumza, akamwomba awe anakwenda kumfundisha. Mama amefurahi, we! Amevaa aproni yake ya zamani. Leo ndiyo siku ya kwanza."

Kijiko changu kikabaki hewani.

"Kompresa yake ya rangi gani?"

"Nitajuaje? Kwa nini unauliza rangi? Evenor? Evenor, unakwenda wapi?"

Nilikuwa nimeshapanda baiskeli.

Sikumbuki barabara. Nakumbuka nilikuwa naomba, na kile nilichokuwa naomba ni aibu kukiandika: nilikuwa naomba mama mkwe asiitambue. Sikuomba apone. Niliomba asinijue.

Kibanda kilikuwa cha mabati, mlango mpana unaotazama barabara. Nje palikuwa na lori la mchanga, gurudumu limetolewa, dereva amejilaza kivulini. Doña Tomasa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakuwa ameingia. Alikuwa anaitazama ile nyekundu.

Alisikia baiskeli yangu ikianguka. Hakugeuka.

"Nionyeshe tundu," akasema.

"Mama..."

"Uliniambia umelitoboa. Mimi macho yangu yamezeeka. Njoo unionyeshe tundu liko wapi."

Cipriano akatoka nyuma ya matairi, uso umechangamka.

"Ah, mjomba! Karibu! Doña, huyu ndiye aliyeniuzia. Mtu wa maana sana."

"Namjua," akasema doña Tomasa. "Ni mkwe wangu. Mtu wa maana sana."

Nikamgeukia. "Cipriano, ndugu yangu, hiyo kompresa ni mbovu. Tangi limeoza. Nilikudanganya. Nirudishie, nitakurudishia pesa yako yote, nitakutafutia nyingine."

Uso wake ukafunga taratibu, kama duka linapofungwa ubao kwa ubao.

"Mbovu?"

"Mbovu kabisa. Itapasuka."

"Si ulisema ni ya Kiitalia?"

"Niliongopa!"

"Si ulisema inajaza za ndege?"

"Cipriano, niliongopa, nakwambia! Mimi ni mwongo!"

"Sasa nitajuaje huongopi leo?" Akanitazama, akamtazama doña Tomasa, akatikisa kichwa. "Naona. Mmesikia nimepata wateja. Mama anatangulia kunifundisha, mkwe anafuata kuninyang'anya. Mwanamke wa pancha na seremala wake. Mnataka kufungua kibanda chenu."

"Wewe bwana," doña Tomasa akasema, "mimi kibanda nilifungua wewe ukiwa hujaota meno. Kata umeme wake tuzungumze."

"Nikate? Subirini niwaonyeshe mbovu."

Akaiwasha.

Ule mlio wa nguruwe ukajaza mabati. Dereva wa lori akaamka. Sindano ikapanda, ikafika tisini, ikapita. Cipriano alikuwa amekikaza kile kiskrubu mpaka mwisho, kama alivyofundishwa na mtu wa maana sana. Mia moja na kumi. Mia na thelathini.

"Mnaona?" akapiga kelele juu ya mlio. "Mbovu iko wapi?"

"Zima!" nikapiga kelele.

"Wivu unakuwasha!"

Mia na hamsini. Tumbo la tangi, pale penye mshono, rangi nyekundu ikapasuka ufa mwembamba kama unywele. Hata yeye akauona. Kicheko kikamtoka usoni. Akazungusha kitufe cha swichi kuizima, na kitufe kikazunguka bure, kama jino linalotaka kung'oka. Mota haikunyamaza.

"Umeme unazimiwa wapi?" doña Tomasa akamuuliza.

"Hakuna. Nimeunganisha... nimeunganisha kwenye nguzo moja kwa moja."

"Evenor, mtoe huyu."

Nikamkumbatia Cipriano kiunoni, nikamburuta. Alikuwa mzito na alikuwa analia, anataka kurudi, anasema ndicho kitu pekee alicho nacho duniani. Dereva alishakimbia. Nilimvuta mpaka ng'ambo ya barabara, nikamsukuma ndani ya mfereji, nikageuka nyuma nikidhani mama mkwe yuko nyuma yetu.

Hakuwepo.

Niliuona mgongo wake na mafundo ya aproni. Alikuwa amepiga magoti vumbini kando ya tangi, anapambana na ile koki ya chini. Kutu ilikuwa imeikamata. Nikakimbia kurudi. Nilipofika kwenye bati la kwanza nikasikia, chini ya mlio wa mota, sauti nyingine, nyembamba, kama ya mtu anayenyamazisha mtoto. Upepo ulikuwa umeanza kutoka kwenye mshono.

"Usiingie!" akasema bila kugeuka. "Ukiingia tutakuwa wawili, na Azucena ni mmoja."

"Mama, toka! Acha!"

"Lori la shule linapita hapa saa sita na nusu. Rudi nyuma, uwasimamishe."

Nikasimama pale, mguu mmoja kivulini na mwingine juani. Barabarani nyuma yangu nikasikia viatu vinakuja mbio, kisha mkono ukanishika shati.

"Evenor," mke wangu akasema, pumzi zimemwishia. "Mama yuko wapi?"

Nikainua mkono kumwonyesha. Na ndani ya kibanda, wakati mota bado inanguruma, ile sauti nyembamba ikakatika, na sikujua kama ni koki iliyofunguka au ni tangi linalojikusanya kupasuka.